Mwongozo kama Sarufi: Uchunguzi wa Kiisimu wa Maelezo ya Ruwaza za Utafutaji katika Mfumo wa APT

IKISIRI

Mwaka 2020 mfumo wa APT, ambao husimamia vifurushi vya programu katika Debian na katika mifumo endeshi iliyotokana nayo, ulipata njia mpya ya kutafuta na kuteua vifurushi. Makala hii inachunguza namna njia hiyo ilivyoelezwa katika mwongozo wake. Inadaiwa kwamba mwongozo wa aina hii ni sarufi ya lugha ndogo yenye msamiati, sintaksia na semantiki yake, na kwamba anayeuandika au kuutafsiri anafanya kazi ya mwanasarufi. Makala inaonyesha matatizo ya viunganishi, mawanda na maana za istilahi yanayojitokeza pale maelezo hayo yanapotolewa kwa Kiswahili. Inaonyesha pia kwamba mifano ya utafutaji haitafsiriki, kwa kuwa mofolojia ya Kiswahili hudai mifano ya namna nyingine.

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu Kiswahili na kompyuta umejikita kwa muda mrefu katika istilahi. Imeulizwa iwapo chombo chenyewe kiitwe kompyuta au tarakilishi, na iwapo maneno mapya yaundwe kutokana na lugha za Kibantu, yatoholewe kutoka Kiingereza, au yachukuliwe kutoka Kiarabu. Mjadala huo umezaa matunda. Mradi wa Kilinux uliofanyika katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa mwaka 2004 Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi za OpenOffice zenye menyu za Kiswahili, na kazi hiyo ilionyesha kwamba msamiati wa kuendeshea kompyuta unapatikana.

Hata hivyo, menyu ni orodha ya maneno, ilhali mwongozo ni matini. Katika menyu, mtafsiri hutafuta neno moja la kusimama mahali pa neno jingine. Katika mwongozo, hasa mwongozo wa utafutaji, hueleza kanuni ambazo msomaji atazitumia kuunda semi ambazo hakuna aliyemtungia. Hilo ndilo jukumu la sarufi yoyote. Makala hii inalichunguza jukumu hilo kwa kuangalia mfano mmoja: ruwaza za APT na ukurasa wa mwongozo unaozieleza.

2.0 Usuli

2.1 Vifurushi na utafutaji wake

Debian ni mfumo endeshi huria ulioanzishwa na Ian Murdock mwezi Agosti 1993. Programu zake husambazwa katika vifurushi. Kila kifurushi huwa na jina, toleo, sehemu kilimopangwa, orodha ya vifurushi vingine ambavyo kinavitegemea, na maelezo mafupi ya kazi yake. Toleo la 2.1, lililotoka mwaka 1999 na ambalo lilikuwa la kwanza kuja na APT, lilikuwa na vifurushi takriban 2,250. Toleo la 12, lililotoka mwezi Juni 2023, lilikuwa na vifurushi zaidi ya 64,000. Kwa wingi huo, kifurushi kisichoweza kutafutwa ni sawa na kitabu kilichowekwa katika maktaba isiyo na katalogi.

Kwa miaka mingi utafutaji ulitegemea kile ambacho katika makala hii kitaitwa fomula ya herufi, yaani mfuatano wa herufi na alama unaowakilisha seti ya maneno. Dhana hii si ngeni kwa wanaisimu. Chimbuko lake ni kazi za mwanamantiki Stephen Kleene za miaka ya 1950, na seti zinazoelezwa kwa fomula hizo ndizo zinazozalishwa na aina ya sarufi iliyo finyu kuliko zote katika uainishaji wa Chomsky. Ken Thompson aliiingiza dhana hiyo katika programu ya kuhariri matini mnamo mwaka 1968, na tangu hapo imekuwa zana ya kawaida ya kutafutia maneno.

2.2 Ukurasa wa mwongozo kama utanzu

Mwongozo wa kwanza wa mfumo wa Unix ulitolewa mwezi Novemba 1971, nao uliweka umbo ambalo bado linafuatwa: jina la amri, muhtasari wa matumizi, kisha maelezo. Kurasa hupangwa katika sehemu zenye nambari. Amri za msimamizi wa mfumo huwekwa katika sehemu ya 8, na mambo mchanganyiko, yakiwamo maelezo ya kanuni na miundo, huwekwa katika sehemu ya 7.

Upangaji huu una umuhimu katika mjadala uliopo. Amri yenyewe ya apt imeelezwa katika sehemu ya 8. Ruwaza mpya zilipewa ukurasa wa peke yake, apt-patterns, katika sehemu ya 7. Kwa uamuzi huo waandishi walitenganisha matumizi na sarufi: amri hufundisha la kufanya, na ukurasa wa ruwaza hufundisha namna ya kusema.

3.0 Badiliko la mwaka 2020

Kabla ya toleo la 2.0 la APT, lililotoka mwezi Machi 2020, mtumiaji aliyetaja jina lisilokuwapo, na lenye mojawapo ya alama fulani kama nukta, kiulizi au nyota, alichukuliwa kuwa ameandika fomula ya herufi. Fomula hiyo ililinganishwa na majina yote, na vifurushi vyote vilivyolingana vilisakinishwa au kuondolewa. Mwongozo wa apt-get umetahadharisha kwamba ulinganishaji huo hufanyika popote ndani ya jina, hata ikatolewa mfano kwamba fomula lo.* hulingana na how-lo kama inavyolingana na lowest. Aliyedhani kuwa anataja majina yanayoanza na lo alikuwa, pasipo kujua, ametaja majina yote yenye lo.

Toleo la 2.0 lilitangaza kwamba tabia hiyo haifai tena. Iliondolewa katika amri ya apt, isipokuwa kwa fomula zilizofungwa mwanzoni kwa alama ^ au mwishoni kwa alama $. Mahali pake paliwekwa ruwaza zilizoigwa kutoka programu ya aptitude. Ruwaza hazitafuti herufi za jina peke yake. Hutafuta pia sifa: kifurushi kimesakinishwa au la, kililetwa kama tegemezi la kifurushi kingine au kiliombwa na mtumiaji, kingali kinahitajika au hakihitajiki tena.

Kila sifa ina umbo refu linaloanza na kiulizi na, mara nyingi, umbo fupi linaloanza na alama ya wimbi. Kwa mfano, ?installed hufupishwa kuwa ~i, nayo huteua vifurushi vilivyosakinishwa. Vilivyosakinishwa kama tegemezi huteuliwa kwa ~M. Sehemu kilimopangwa kifurushi hutajwa kwa ~s ikifuatwa na jina la sehemu. Ukanushi huonyeshwa kwa alama ya mshangao, na uteuzi baina ya mambo mawili kwa mstari wa wima. Mwongozo wenyewe unatoa mfano ufuatao:

(1) apt list '~i !~M (~slibs|~sperl|~spython)'

Maana yake ni kuorodhesha vifurushi vilivyosakinishwa, ambavyo havikuletwa kama tegemezi, na ambavyo vimo katika sehemu yoyote kati ya tatu zilizotajwa. Hii ni sentensi kamili. Ina viarifu, ukanushi, mabano ya kuweka mipaka ya tungo, na kiunganishi ambacho hakiandikwi: ruwaza mbili zinapofuatana, sharti zote mbili zitimizwe.

Ikumbukwe pia kwamba alama moja inaweza kuwa na kazi kadhaa. Kwa programu inayopokea amri kutoka kwa mtumiaji, kiulizi husimama mahali pa herufi yoyote moja. Katika fomula ya herufi, humaanisha kwamba herufi iliyotangulia inaweza kuwapo au kutokuwapo. Katika ruwaza, hutambulisha jina la sifa. Hii ni homonimia halisi, na ndiyo sababu mfano wa (1) umefungwa katika alama za kunukuu, ili programu inayopokea amri isizifasiri alama hizo kabla APT haijazisoma. Mwongozo usiolieleza jambo hili humwachia msomaji kosa asiloweza kulitambua chanzo chake.

4.0 Masuala ya kisemantiki

4.1 Kiunganishi "na"

Zingatia maombi mawili:

(2) Tafuta vifurushi vya michezo na vya muziki.
(3) Tafuta vifurushi vilivyosakinishwa na visivyohitajika tena.

Msomaji wa kawaida ataielewa (2) kuwa ni muungano wa seti mbili: apewe michezo, apewe na muziki. Sentensi (3) ataielewa kuwa ni makutano: kila kifurushi kiwe na sifa zote mbili kwa pamoja. Kiunganishi ni kilekile. Kinachoamua maana ni ujuzi wa msomaji kuhusu ulimwengu, kwa kuwa anajua kwamba ni nadra kitu kimoja kuwa mchezo na pia muziki.

Mashine haina ujuzi huo. Mtu akiyafuatanisha maneno mawili katika amri ya kutafuta, APT huchukua makutano daima. Kwa hiyo anayetaka matokeo ya (2) sharti aandike kiunganishi cha uteuzi, ambacho kwa Kiswahili ni "au", ingawa katika mazungumzo angesema "na". Mwongozo wa Kiswahili ukieleza tu kwamba ruwaza huunganishwa kwa "na", utakuwa umesema kweli na kupotosha kwa wakati mmoja. Ni afadhali kuandika "yenye sifa zote zifuatazo kwa pamoja" na "yenye angalau sifa moja kati ya zifuatazo".

Aidha, "na" hutambulisha mtenda katika tungo za kutendwa. Katika "vifurushi vilivyosakinishwa na mtumiaji", si kiunganishi kamwe. Katika ukurasa unaoeleza mantiki, matumizi haya mawili hayafai kukaribiana.

4.2 Mawanda na "-o -ote"

Kifurushi kimoja kinaweza kuwa na matoleo kadhaa yanayojulikana na mashine, moja likiwa limesakinishwa na jingine likiwa katika hazina. Mwongozo unaeleza kwamba mtumiaji akitaka kifurushi chenye toleo lenye tarakimu 1 na chenye toleo lenye tarakimu 2, masharti hayo mawili yanaweza kutimizwa na matoleo mawili tofauti. Akitaka yatimizwe na toleo lilelile, yampasa kutumia ruwaza ya ?any-version, au ufupisho wake ?narrow.

Tofauti hii ni ya mawanda, nayo inaonekana wazi katika lugha asilia:

(4) Kijiji chenye mvuvi mwenye mashua na chenye mvuvi mwenye wavu.
(5) Kijiji chenye mvuvi mwenye mashua na wavu.

Katika (4) wavuvi wanaweza kuwa wawili. Katika (5) ni mmoja. Kurudiwa kwa "chenye" ndiko kunakofungua nafasi ya mvuvi wa pili. Kiswahili basi kina nyenzo ya kuueleza utata huu kwa urahisi, na mfano wa kijiji humfaa msomaji kuliko tafsiri ya neno kwa neno.

Hatari imo katika jina la ruwaza yenyewe. Ikifasiriwa kuwa "toleo lolote", msomaji anaweza kuelewa kinyume. Muundo wa "-o -ote" mara nyingi huwa na maana ya uhuru wa kuchagua: "mtoto yeyote anaweza kuingia" ni sawa na kusema kwamba watoto wote wameruhusiwa. Kumbe ipo ruwaza nyingine, ?all-versions, inayodai kwamba matoleo yote yatimize sharti. Ili kuzitenganisha, ya kwanza ielezwe kuwa "angalau toleo moja" na ya pili "kila toleo bila kubakiza".

4.3 Istilahi zinazodanganya

Majina mengine ya sifa ni maneno ya kawaida ya Kiingereza yaliyopewa maana finyu. Mfano mzuri ni ?obsolete. Kamusi itampeleka mtafsiri kwenye "iliyopitwa na wakati". Lakini sifa hii haipimi umri wala ubora. Huteua kifurushi kilichosakinishwa ambacho hakipatikani katika hazina yoyote inayojulikana na mashine. Programu aliyoitengeneza mtumiaji mwenyewe juzi, au aliyoipata nje ya hazina, inaweza kuingia katika seti hiyo.

Hapa suala la tafsiri si la mtindo tena. Ruwaza zilezile zinazotumika kuorodhesha hutumika pia kuondoa. Msimamizi wa maabara ya kompyuta anayesoma kwamba ~o ni "vifurushi vilivyopitwa na wakati" atashawishika kuviondoa vyote, na huenda akaondoa programu ambayo hana mahali pengine pa kuipata. Ni kweli kwamba mashine huonyesha orodha na kuomba idhini. Lakini aliyeielewa vibaya sarufi hutoa idhini kwa moyo mweupe. Fasiri inayofaa ni "kifurushi kisicho katika hazina". Vivyo hivyo, ?garbage isifasiriwe kuwa "takataka", bali "tegemezi lisilohitajika tena".

5.0 Nafasi ya Kiswahili

5.1 Lugha ya mashine na lugha elezi

Kanuni ya kwanza kwa mtafsiri ni kutenganisha lugha inayoelezwa na lugha inayoeleza. Umbo ?installed ni la lugha inayoelezwa. Likibadilishwa herufi moja, mashine hulikataa. Kinachotafsiriwa ni maelezo yake. Hapo hujitokeza suala la ngeli. Umbo la Kiingereza halibadiliki, lakini maelezo ya Kiswahili lazima yapatane na nomino: "kifurushi kilichosakinishwa", "pakiti iliyosakinishwa", "toleo lililosakinishwa".

Uteuzi wa istilahi moja basi huamua upatanisho wa ukurasa mzima. "Kifurushi" kina udhaifu mmoja: nchini Tanzania kimeenea kwa maana ya muda wa maongezi na data vinavyonunuliwa kutoka kampuni za simu. "Pakiti" nayo ina mzigo wake, kwani huitwa hivyo pia vipande vya data vinavyopita mtandaoni. Hata hivyo, "kifurushi" kina faida ya kisarufi. Ngeli ya KI-VI hutofautisha umoja na wingi katika nomino na katika viambishi vyote vya upatanisho, ilhali "pakiti" haibadiliki umbo. Katika matini ambamo tofauti ya kimoja na vingi inaweza kumgharimu mtu programu zake, uwazi huo una thamani.

5.2 Mifano isiyotafsirika

APT hutafuta katika majina na katika maelezo ya vifurushi, na Debian ina utaratibu wa kuyatafsiri maelezo hayo katika lugha mbalimbali. Pindi maelezo yanapoandikwa kwa Kiswahili, kinachotafutwa ni matini ya Kiswahili, na ushauri uliotolewa kwa kuzingatia Kiingereza hauna budi kupimwa upya.

Kiingereza huonyesha wingi zaidi kwa viambishi tamati. Anayetafuta umbo la umoja hupata mara nyingi na la wingi, kwa kuwa la kwanza limo ndani ya la pili. Katika Kiswahili badiliko hutokea mwanzoni mwa neno, na matokeo hutofautiana ngeli kwa ngeli:

(6) Ngeli ya A-WA: "walimu" hupatikana ndani ya "mwalimu", na "wanafunzi" ndani ya "mwanafunzi". Lakini "watumiaji" haimo ndani ya "mtumiaji". Fomula inayofaa ni (m|wa)tumiaji.
(7) Ngeli ya U-I: "mtandao" haimo ndani ya "mitandao". Fomula inayofaa ni mi?tandao.
(8) Ngeli ya KI-VI: "kitabu" haimo ndani ya "vitabu". Fomula inayofaa ni [kv]itabu.
(9) Ngeli ya LI-YA: "jedwali" imo ndani ya "majedwali". Umoja unatosha.
(10) Ngeli ya U-ZI: "kurasa" imo ndani ya "ukurasa". Wingi unatosha.

Inaonekana kwamba katika (9) mtafutaji aanze na umoja, na katika (10) aanze na wingi. Hakuna kanuni moja ya Kiingereza inayoweza kutafsiriwa ili kufundisha jambo hili.

Huenda ikapendekezwa kwamba mtafutaji atumie shina au mzizi peke yake. Mbinu hiyo husaidia, lakini ina mipaka. Mzizi -chez- hukusanya "mchezo", "michezo", "kucheza" na "mchezaji", jambo linalofaa. Shina la "kitabu" likikatwa na kubaki "tabu", litaleta pia maelezo ya programu inayotumika "bila tabu". Herufi fung hukusanya "funga", "fungua", "ufunguo", "kifungu" na hata "mfungwa". Anayetafuta programu ya kufunga faili atapewa na ya kufungua, kwa sababu vinyume hivyo viwili vimetokana na mzizi mmoja. Kwa upande mwingine, "utafutaji" na "utafiti" ni maneno yenye uhusiano wa kinasaba, lakini fomula tafut haitaipata "utafiti", kwani irabu imebadilika.

Zaidi ya hayo, ushauri wa kuifunga fomula mwanzoni mwa neno ili kupunguza matokeo yasiyotakiwa hufaa pale ambapo mwanzo wa neno ni thabiti. Katika nomino nyingi za Kiswahili kilicho thabiti ni mwisho, na katika vitenzi ni mzizi ulioko katikati. Mwongozo ukiurudia ushauri huo kama ulivyo, utamnyima msomaji nusu ya anachokitafuta.

6.0 Mapendekezo

Kutokana na uchunguzi huu, mambo manne yanapendekezwa kwa wanaoandika au kutafsiri miongozo ya utafutaji kwa Kiswahili.

Kwanza, maumbo ya mashine yaachwe kama yalivyo, na kila moja lipewe fasiri inayoeleza linachokiteua, si tafsiri ya jina lake.

Pili, viunganishi na vibainishi vya idadi vielezwe kwa tungo kamili: "sifa zote kwa pamoja", "angalau moja", "kila moja bila kubakiza".

Tatu, mifano ya kutafuta maneno itungwe upya kwa kufuata ngeli na unyambulishaji, badala ya kutafsiriwa.

Nne, kila mfano wa kuondoa utanguliwe na mfano wa kuorodhesha kwa ruwaza ileile. Kwa kuwa apt list hupokea ruwaza zilezile bila kubadili chochote katika mashine, msomaji ataiona seti aliyoitaja kabla ya kuitendea.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba badiliko la mwaka 2020 katika APT lilikuwa pia badiliko la lugha. Fomula ya herufi, iliyofasiriwa kwa kukisia nia ya mtumiaji, iliachia nafasi lugha yenye viarifu, ukanushi na mawanda, na lugha hiyo ikaandikiwa sarufi yake katika ukurasa wa peke yake. Kuitoa sarufi hiyo kwa Kiswahili kunahitaji zaidi ya orodha ya istilahi. Kunahitaji mtu anayejua kwamba "na" ina kazi zaidi ya moja, kwamba "lolote" si "lote", na kwamba neno la Kiswahili hubadilika upande ambao mwandishi wa Kiingereza hakuuangalia. Wataalamu wa aina hiyo wamo katika idara za Kiswahili. Miradi ya programu huria hupokea michango ya miongozo kama inavyopokea michango ya programu zenyewe, na uwanja huo unaweza kuwafaa wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada ambamo semantiki na mofolojia zina matokeo yanayoweza kupimwa.